Robert Felkin

Robert William Felkin (Beeston, Nottinghamshire, 13 Machi 1853 – Havelock North, Nyuzilandi, 28 Desemba 1926) alikuwa daktari, mmisionari, msafiri na mwandishi kutoka nchini Uingereza. Katika Afrika Mashariki anakumbukwa kwa mambo mawili. Kwanza, alikuwa mmoja wa wamisionari wa kwanza wa Kianglikana waliofika Buganda, ambako alimtibu Kabaka Mutesa I. Pili, aliandika habari za upasuaji wa kujifungua ambao alisema aliushuhudia mwaka 1879 ukifanywa na waganga wa Kiafrika. Katika upasuaji huo mama alipewa pombe ya ndizi ili kupunguza maumivu, akapona, na mtoto wake pia akapona.

Habari hiyo ni ushahidi maarufu kuliko wote kwamba watu wa eneo la Maziwa Makuu walikuwa na ujuzi wao wa upasuaji wa uzazi kabla ya hospitali za kikoloni. Pia ni mojawapo ya kumbukumbu chache za wakati huo zinazoeleza hali ya mgonjwa saa na siku za kwanza baada ya kupasuliwa: maumivu yake, joto la mwili, mapigo ya moyo na kunyonyesha kwake.

Maisha ya awali

Felkin alizaliwa Beeston, karibu na mji wa Nottingham, katika familia iliyojulikana kwa biashara ya lesi. Babu yake, William Felkin, alikuwa mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, aliandika kitabu cha historia yake, na aliwahi kuwa meya wa Nottingham. Baadaye biashara ya familia ilianguka, na baba yake Robert akahamia Wolverhampton. Robert alikulia huko na kusoma huko.

Alianza masomo ya udaktari mjini Edinburgh, Uskoti, katika miaka ya 1870. Wakati huo Edinburgh ilikuwa miongoni mwa miji iliyoongoza duniani katika tiba ya uzazi na katika kupambana na maumivu. Katika mji huo, Novemba 1847, James Young Simpson alianza kutumia klorofomu kwa wanawake waliokuwa wakijifungua. Katika mji huo pia daktari Alexander Wood alianza mwaka 1853 kutumia sindano yenye tundu kuingiza mofini chini ya ngozi. Huo ndio mwaka aliozaliwa Felkin. Mofini ni dawa inayotokana na afyuni, na ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa karne ya 19 na mfamasia Mjerumani Friedrich Sertürner. Kwa hiyo kijana Felkin alisomea mahali ambapo swali la namna ya kumpasua mtu bila kumtesa lilikuwa jambo la kila siku.

Hata hivyo aliondoka kabla ya kumaliza masomo. Shirika la kimisionari la Kianglikana la CMS lilikuwa likitafuta watu wa kwenda Buganda, naye akajitolea.

Safari ya kwenda Buganda

Kundi la kwanza la wamisionari wa CMS lilikuwa limepitia Zanzibar na Unyamwezi hadi Kagei, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria katika nchi ya Wasukuma. Mwishoni mwa mwaka 1877 wawili kati yao, Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa Ukerewe. Katika Buganda alibaki Charles Wilson peke yake, hadi alipofika Alexander Mackay mwaka 1878.

Ili kuwaongezea nguvu, CMS iliamua kutuma kundi lingine kwa njia ya mto Nile. Felkin alikuwa katika kundi hilo pamoja na Charles Pearson na George Litchfield. Waliondoka Uingereza mwaka 1878, wakapita Khartoum, ambako Charles Gordon alikuwa akiitawala Sudani kwa niaba ya Misri, kisha wakapanda mto kuelekea kusini. Njiani Felkin alifahamiana na Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Silesia aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta. Urafiki wao uliendelea kwa barua kwa miaka mingi.

Kundi hilo lilifika Rubaga, mji mkuu wa Kabaka Mutesa I, mwezi Februari 1879. Mwezi huohuo walifika pia wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la White Fathers. Mutesa aliwapokea wote huku akiwapima: alitaka kujua kila upande ungemletea faida gani dhidi ya Misri iliyokuwa ikisogea kutoka kaskazini. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na Felkin akawa mmoja wa waliomtibu. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Katika ikulu ya Buganda mganga wa kigeni angeweza kushukiwa kwa urahisi iwapo mfalme angezidiwa.

Felkin hakukaa muda mrefu. Katikati ya mwaka 1879 yeye na Wilson waliondoka pamoja na wajumbe watatu ambao Mutesa aliwatuma kwa Malkia Viktoria. Walirudi kwa njia ya Bahr el Ghazal, Darfur na Kordofan, wakafika Uingereza mwaka 1880. Wajumbe walimwona malkia, kisha wakarudishwa kwao kwa njia ya Zanzibar. Mwaka 1882 Wilson na Felkin walichapisha kitabu cha juzuu mbili kuhusu Uganda na Sudani, ambacho kikawa moja ya vyanzo vikuu vya habari za Buganda ya wakati wa Mutesa.

Upasuaji wa Kahura

Mwezi Januari 1884 Felkin alisoma mbele ya chama cha madaktari wa uzazi cha Edinburgh maelezo kuhusu desturi za kujifungua katika Afrika ya Kati. Yalichapishwa mwaka huohuo katika jarida la kitabibu la mji huo. Sehemu kubwa ilieleza jinsi wanawake wa makabila mbalimbali ya Sudani ya kusini na nchi za jirani walivyokaa au kushika kamba wakati wa uchungu, na jinsi wakunga walivyowasaidia. Lakini sehemu iliyowashangaza wasikilizaji ni habari ya upasuaji aliosema aliuona mwaka 1879 mahali alipopaita Kahura. Waandishi wengi wa baadaye wamepahesabu kuwa ndani ya ufalme wa Bunyoro-Kitara, magharibi mwa Uganda ya leo.

Mgonjwa na maandalizi

Mgonjwa alikuwa mwanamke mwenye afya, wa umri wa miaka 20 hivi, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alilazwa kwenye kitanda kilichoinama, kichwa chake kikielekea ukuta wa nyumba. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi kwa wingi, kiasi cha kuwa nusu amelewa. Kifua chake na mapaja yake vilifungwa kitandani kwa mbugu, yaani kitambaa cha gome la mti. Mwanamume mmoja alimshika vifundo vya miguu, na mwingine alilishika tumbo lisisogee.

Mpasuaji alisimama upande wa kushoto akiwa na kisu, akinuiza maneno ya dua. Kisha alinawa mikono na kuliosha tumbo la mgonjwa, kwanza kwa pombe ya ndizi, halafu kwa maji.

Hatua za upasuaji

Mpasuaji alipiga kelele kali, na watu waliokusanyika nje wakaipokea. Kisha akapasua kwa haraka katikati ya tumbo, kuanzia juu kidogo ya kinena hadi chini ya kitovu. Msaidizi aligusa sehemu chache zilizotoka damu kwa chuma cha moto, na Felkin alibaini kwamba chuma hicho kilitumiwa kwa uangalifu, pale tu palipohitajika. Mji wa mimba ulifunguliwa, mtoto akatolewa na kukabidhiwa msaidizi mwingine, kondo la nyuma likaondolewa.

Mpasuaji aliukamata mji wa mimba kwa mikono miwili na kuuminya, akaendelea kuubana mpaka ulipokaza. Hakuushona. Wasaidizi walimgeuza mama kwa upole ili damu na maji vitoke tumboni, kisha wakamrudisha alivyokuwa. Kingo za jeraha ziliunganishwa kwa misumari saba myembamba ya chuma iliyosuguliwa vizuri, ikafungwa kwa uzi wa gome. Juu yake ulipakwa mchanganyiko wa mizizi ya aina mbili iliyotafunwa, likawekwa jani la mgomba lililopashwa moto, na mwisho tumbo likafungwa kwa mbugu.

Saa na siku za kwanza

Kwa maelezo ya Felkin, mama hakulia hadi misumari ilipokuwa imewekwa, na saa moja baada ya upasuaji alionekana ametulia. Baada ya saa mbili mtoto aliwekwa kifuani. Maziwa yalikuwa machache kwa siku 10, hivyo rafiki wa mama alisaidia sana kumnyonyesha mtoto.

Joto la mwili halikupita nyuzi 37.6 za Selsiasi, isipokuwa usiku wa pili, lilipofika 38.3 na mapigo ya moyo yakafika 108 kwa dakika. Jeraha lilifunguliwa asubuhi ya siku ya tatu, na msumari mmoja ukatolewa. Mingine mitatu ilitolewa siku ya tano, na iliyobaki siku ya sita. Kila mara dawa mpya ya mizizi ilipakwa, na usaha kidogo uliokuwapo ukafutwa. Mtoto alikuwa na mkwaruzo begani, nao ukapona kwa siku nne. Siku ya 11 jeraha la mama lilikuwa limefunga kabisa. Siku hiyo Felkin aliondoka, na hakuna habari zaidi za mama huyo.

Kwa nini habari hiyo iliwashangaza madaktari

Mwaka 1879 kujifungua kwa upasuaji kulikuwa tukio la kuogofya hata Ulaya. Mara nyingi zaidi ya nusu ya akina mama waliopasuliwa walikufa, hasa kwa kutokwa na damu na kwa maambukizi. Njia ya kuua vijidudu iliyotangazwa na Joseph Lister mwaka 1867 ilikuwa bado haijakubaliwa kila mahali. Mwaka 1876 Mwitalia Edoardo Porro alionyesha kwamba mama angeweza kuokolewa kwa kuondoa mji wa mimba wote, jambo lililomaanisha kwamba hatazaa tena. Ni mwaka 1882 tu ambapo Mjerumani Max Sänger alieleza njia bora ya kuushona.

Ukilinganisha na hayo, hatua za mpasuaji wa Kahura zina mantiki yake. Kunawa na kuosha tumbo kulipunguza uchafu, ingawa pombe ya ndizi haina nguvu ya kutosha kuua vijidudu vyote kama spiriti ya hospitali. Chuma cha moto kilifunga mishipa midogo ya damu. Kuuminya mji wa mimba ndiyo hatua iliyozuia damu nyingi, kwa sababu mishipa ya mahali pale kondo lilipokuwa limeshika hujifunga msuli wa mji wa mimba unapokaza. Umuhimu wa hatua hiyo ulizidi kwa kuwa kileo kingi hulegeza msuli huo: katika karne ya 20 madaktari waliwahi kutumia kileo kuzuia uchungu wa kabla ya wakati. Kumgeuza mgonjwa kulitoa damu ambayo ingeoza tumboni.

Jambo jingine ni mpangilio wa kazi. Kila msaidizi alijua nafasi yake, misumari ilikuwa tayari imesuguliwa, na dawa ya kupaka iliandaliwa papo hapo. Hali hiyo inaonyesha kwamba haikuwa mara ya kwanza kwao kufanya kazi hiyo. Felkin hakuandika jina la mpasuaji wala la mgonjwa. Kwa hiyo jina lililobaki katika vitabu vya historia ya tiba ni la mtu aliyetazama, na si la yule aliyepasua wala la yule aliyepasuliwa.

Maumivu na usalama wa mgonjwa

Pombe ni mojawapo ya njia za kale kabisa za kupunguza maumivu ya upasuaji. Ilitumika Ulaya pia, mara nyingi pamoja na afyuni, kabla ya etha kuonyeshwa hadharani mjini Boston, Marekani, mwaka 1846. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kipimo kinachotuliza maumivu makali kiko karibu sana na kipimo kinachohatarisha maisha. Mtu aliyelewa sana anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni, hatari ambayo ni kubwa zaidi kwa mama mjamzito. Kupumua kwake pia kunaweza kupungua hadi kukoma. Huenda ndiyo sababu waganga wa Kahura walimlevya mama nusu tu, na sehemu iliyobaki wakaitegemea kamba, mikono ya wasaidizi na wepesi wa kisu.

Ukimya wa mama huyo umefasiriwa kwa njia tofauti. Wapo walioona ni dalili kwamba pombe ilitosha. Lakini mtu anaweza kuwa na maumivu makali bila kulia, hasa mahali ambapo mwanamke anatarajiwa kustahimili uchungu kimyakimya, au anapokuwa amelewa na kufungwa. Kwa sababu hiyo wauguzi wa leo hufundishwa kumuuliza mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, kwa mfano kwa kumtaka ayapime maumivu yake kuanzia 0 hadi 10, badala ya kusubiri apige kelele.

Siku hizi mama anayejifungua kwa upasuaji kwa kawaida huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, na nusukaputi huachwa kwa hali maalumu. Baada ya upasuaji wa uzazi, au wa kuondoa mji wa mimba au uvimbe wake, maumivu hutulizwa kwa kuchanganya dawa za kawaida kama paracetamol na ibuprofen. Pale zisipotosha huongezwa dawa za jamii ya afyuni, kama mofini na pethidine. Dawa hizi zina nguvu, lakini nazo zina hatari inayofanana na ile ya pombe: zikizidi, hupunguza kasi ya kupumua.

Saa za kwanza ndizo zenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu mgonjwa bado ana mabaki ya dawa za usingizi mwilini. Mofini iliyowekwa pamoja na ganzi ya mgongoni inaweza kuchelewa kuonyesha madhara kwa saa nyingi, hata karibu siku nzima. Kwa hiyo muuguzi huhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika na kuangalia kama anaamka anapoitwa. Usingizi mzito usio wa kawaida mara nyingi hutangulia kupungua kwa pumzi, na pumzi chini ya 10 kwa dakika ni dalili ya kuita msaada mara moja. Hospitali hutakiwa kuwa na oksijeni na dawa ya naloxone, ambayo huondoa haraka nguvu ya mofini mwilini. Nguvu ya naloxone huisha mapema kuliko ya mofini, hivyo mgonjwa huendelea kuangaliwa hata baada ya kuamka.

Kuna pia suala la mtoto anayenyonya. Kiasi fulani cha dawa za jamii ya afyuni hupita katika maziwa. Kodeini inaepukwa kwa mama anayenyonyesha, kwa sababu miili ya baadhi ya watu huigeuza kuwa mofini kwa kasi sana, na mtoto anaweza kupata kiasi cha kumdhuru. Pombe na dawa za usingizi hazichanganywi na dawa hizi, kwa kuwa zote kwa pamoja hupunguza pumzi.

Ukitazama maelezo ya Felkin kwa jicho hilo, mengi ya yanayotakiwa kuangaliwa yamo: kama mgonjwa ametulia, joto lake, mapigo ya moyo wake, jeraha lake, na kama mtoto ananyonya. Hesabu ya pumzi ndiyo inayokosekana.

Mjadala wa wanahistoria

Habari ya Kahura inatokana na shahidi mmoja, aliyeiandika miaka karibu mitano baada ya tukio, na alipoliona alikuwa bado hajahitimu udaktari. Kwa sababu hiyo wasomi wamejadiliana kuhusu mahali hasa lilipotokea na kiasi cha kuiamini kila sehemu yake. Mwaka 1959 J. N. P. Davies, aliyekuwa mwanapatholojia wa Makerere, aliandika makala kuhusu tiba ya Bunyoro-Kitara ambamo aliichukulia habari hiyo kama dalili ya ujuzi wa kitabibu uliokuwa umekua ndani ya ufalme huo.

Upande unaoikubali unataja vipimo vilivyoandikwa kwa uangalifu, pamoja na mambo ambayo mtu wa kubuni asingeyafikiria kwa urahisi, kama uhaba wa maziwa na mkwaruzo wa mtoto. Upande wenye mashaka unauliza kwa nini hakuna msafiri mwingine aliyeacha maelezo kamili ya upasuaji wa namna hiyo. Jibu moja linalotolewa ni kwamba ujuzi huo ulikuwa wa watu wachache na ulilindwa kwa siri. Pia miaka michache baadaye Bunyoro ilikumbwa na vita vya muda mrefu kati ya Omukama Kabalega na Waingereza, vikifuatana na njaa na magonjwa. Katika hali kama hiyo wataalamu hufa kabla ya kuwafundisha wengine.

Miaka ya Edinburgh na London

Felkin alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1884, na mwaka uliofuata alipata shahada ya uzamivu wa tiba katika Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani. Alifundisha kuhusu magonjwa ya nchi za joto mjini Edinburgh, akiwa mmoja wa wa kwanza kufanya hivyo katika Uingereza, na akachapisha mwaka 1889 kitabu kuhusu mtawanyiko wa magonjwa hayo duniani. Alichaguliwa pia kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha Edinburgh. Mke wake wa kwanza, Mary Mander wa Wolverhampton, alitafsiri kwa Kiingereza barua na taarifa za Emin Pasha, zilizotolewa mwaka 1888.

Swali la maumivu halikumwacha. Mwaka 1890 alichapisha kitabu kuhusu kutibu kwa njia ya kiinimacho cha usingizi, ambapo mgonjwa hutulizwa kwa maneno ya daktari. Miaka hiyo pia alivutwa na mambo ya siri ya kiroho. Alijiunga na vyama vya namna hiyo, kikiwemo kile kilichojulikana kama Golden Dawn, na mwaka 1903 akaanzisha tawi lake lililoitwa Stella Matutina. Mke wake alifariki mwaka huohuo wa 1903, naye Felkin baadaye akaoa tena.

Nyuzilandi na kifo

Mwaka 1912 alitembelea Nyuzilandi kwa mwaliko wa watu wenye mwelekeo kama wake, na mwaka 1916 akahamia huko moja kwa moja na familia yake. Alikaa Havelock North, katika nyumba iliyoitwa Whare Ra, akiendelea na udaktari pamoja na uongozi wa chama chake. Alifariki tarehe 28 Desemba 1926 akiwa na umri wa miaka 73.

Urithi

Baada ya Felkin, tiba ya kisasa ya uzazi katika Uganda ilijengwa hasa na Albert Cook na mke wake Katharine, walioanzisha kazi ya Hospitali ya Mengo kuanzia mwaka 1897 na kuwafundisha wakunga wazalendo. Karibu karne moja baadaye Uganda ilipata tena sifa kuhusu tiba ya maumivu. Mwaka 1993 shirika la Hospice Africa Uganda lilianza kutoa mofini ya maji ya kunywa, ambayo ni ya bei nafuu, na mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandikia wagonjwa. Huko Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vinavyotoa dawa hiyo.

Hata hivyo mofini bado ni adimu katika hospitali nyingi za vijijini za Afrika Mashariki. Sababu moja ni woga wa uraibu na wa madhara ya kupumua. Nyingine ni masharti ya kuitunza na uhaba wa wauguzi wa kumwangalia mgonjwa usiku. Matokeo yake wapo akina mama wanaopasuliwa kwa ganzi nzuri, lakini ganzi inapoisha hubaki na dawa hafifu.

Jina la Felkin hutajwa leo katika masomo ya historia ya tiba, ya uzazi na ya Uganda. Mwanamke wa Kahura na mganga aliyemwokoa hawana jina katika vitabu hivyo, lakini ni kwa sababu yao daktari huyo anakumbukwa.